Sarafu za Tabora na Bei ya Kasoro

Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa na vita, walikuwa na reli, ila sarafu ziliwaishia. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari, na fedha kutoka Berlin haikufika tena. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufulia sarafu. Maganda ya makombora na vipande vya shaba vikayeyushwa, zikatoka heller 5 na heller 20 zenye herufi T, alama ya Tabora.

Ukiishika heller 20 ya kundi hilo, haraka ya mafundi unaiona kwa macho. Taji limesogea upande, ukingo mmoja ni mnene na wa pili umeliwa, na uso una vibanzi pale ambapo shaba chafu ilibanduka. Anayeanza kukusanya sarafu hudhani ameokota mali. Hajaokota. Zilifuliwa zaidi ya milioni 1.6, na nyingi zina ila za namna hiyohiyo. Sarafu ya London yenye taji lililohama hivyo ingegombewa, kwa sababu London ilikuwa na wakaguzi waliolipwa kuizuia isitoke. Kwa Tabora, kuhama kwa taji ndiyo kawaida.

Wanaozijua sarafu za Tabora hutazama chapa, yaani kile chuma kilichochongwa picha na kugandamiziwa shaba. Chapa zilichongwa kwa mkono, hivyo hazikulingana: ipo yenye taji kubwa na ipo yenye taji dogo, na upande wa pili herufi L za neno HELLER nyingine zina ncha iliyojikunja, nyingine ncha kali. Miungano mingine ya chapa hizo ni adimu kuliko mingine, na bei hufuata hapo.

Hata Marekani mambo ni hayohayo. Mwaka 1955, chapa moja ya senti ilitengenezwa kwa kugandamizwa zaidi ya mara moja, na mara ya pili ikawa imezunguka kidogo. Kila senti iliyotoka hapo ina tarehe na maandishi pachapacha. Wakaguzi walipogundua, senti hizo zilikwisha kuchanganyika na nzima, wakaona heri waziachie kuliko kuyeyusha rundo lote. Zaidi ya 20,000 ziliingia mitaani. Leo moja huuzwa kwa dola elfu moja na zaidi. Mwaka huohuo zipo senti nyingine ambazo tarehe yake ina kivuli kwa sababu chapa ilichakaa tu. Hizo ni za dola chache. Asiyejua hulipia kivuli bei ya pacha, na wauzaji wajanja hawamwamshi.

Uingereza nayo ilipobadilisha sura za sarafu zake mwaka 2008, tarehe ya peni 20 ilitakiwa kuhamia upande wa malkia. Fundi akafunga chapa ya zamani ya malkia pamoja na chapa mpya ya nyuma, zikatoka peni 20 zisizo na mwaka wowote. Kiwanda chenyewe kilikadiria kati ya 50,000 na 200,000. Magazeti yalipolipuka, watu walitaja maelfu ya pauni. Wingi ukajulikana, bei ikashuka hadi makumi.

Tabora ilitoa pia sarafu ya dhahabu, rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo aliyeinua mkonga, na chapa yake inasemekana ilichongwa na sonara Msinhala. Zilifuliwa kama 16,000 tu kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Nazo ni za aina mbili: pambo la pembeni katika moja huishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A. Orodha za wakusanyaji huzipa namba mbili tofauti.