Kloropromazini na Safari ya Tiba kutoka Mathari hadi Kabiria

Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910 ikiwa mahali pa kuwazuilia wagonjwa wa akili, ilikaa miongo kadhaa bila dawa ya kutuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia sauti zisizokuwapo au kushikilia imani zisizo na msingi. Mageuzi yalianzia Paris mwaka 1952, madaktari wa akili Jean Delay na Pierre Deniker walipoonyesha kwamba kloropromazini, ambayo huzuia vipokezi vya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni, hupunguza dalili hizo. Dawa hiyo ilipoenea duniani, iliwezekana mgonjwa atibiwe akiwa nyumbani, hata katika mitaa ya Nairobi iliyo mbali na Mathari, kama Kabiria, huku jamaa zake wakimwangalia. Uangalizi huo unadai maarifa: mgonjwa ainuke kitandani polepole, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka ghafla, ajikinge na jua kali, aepuke pombe, wala asiache dawa bila ushauri wa daktari. Mikono ikitetemeka, daktari huangalia upya kipimo cha dawa. Homa kali inayoambatana na misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa ni dharura, na mgonjwa hupaswa kufikishwa hospitalini mara moja.