PSP zilizopita mikononi mwa fundi wa Nyansurura

Sony ilianza kuuza PSP, mashine yake ya michezo ya mkononi, Japani tarehe 12 Desemba 2004. Zile nilizozishika mimi hapa Nyansurura zilikuja miaka mingi baadaye, zote za mtumba. Mimi ni fundi simu, na naziheshimu hadi leo, maana ndizo zilizonifundisha kusoma faili kabla ya kushika bisibisi.

Mwaka 2006 Mhispania aliyejiita Dark_AleX alianza kutoa programu endeshi zake za PSP, zilizofungua milango ambayo Sony iliifunga. Toleo kama 3.03 OE halikubeba mafaili ya Sony. Mwenye mashine alitafuta mwenyewe masasisho mawili ya Sony, akayaita 150.PBP na 303.PBP, akayaweka kwenye folda moja, kisha PSP ikayachanganya na kuzalisha faili la DATA.DXAR. Hapo ndipo wengi walipokwama! Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili. Kijana akiandika 150.PBP, jina halisi linakuwa 150.PBP.PBP, mashine inasema faili halipo, naye analiona kwa macho yake. Wengine walileta faili lililokatika njiani kwa intaneti ya kusuasua. Hilo hulitambui kwa kulitazama. Unalinganisha MD5 yake, yaani alama ya utambulisho ya faili yenye herufi na tarakimu 32, na iliyotolewa na mtengenezaji wa programu. Ikipishana hata moja, pakua upya.

Kisha chaji. Programu ilikataa betri iliyo chini ya asilimia 75, na kwa sisi tuliotegemea sola, siku ya mawingu kazi ililala. Wateja walinung'unika. Mimi niliona ni busara kubwa ya mtengenezaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, PSP haiwaki tena.

Kabla ya 2007, iliyokufa hivyo fundi wa kawaida hakuwa na la kuifanyia. Mwaka huo ikaja betri ya Pandora: namba tambulishi ya betri inageuzwa kuwa FFFFFFFF, na mashine inaamka kwa kusoma memori kadi. Nilipokuja kuijua, nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Lakini PSP-3000 ya mwaka 2008 haikuikubali, kwa hiyo mteja akiniletea mashine iliyozima, niligeuza mgongo wake kwanza nisome namba ya modeli, ndipo tuzungumze bei.