Robert Smalls wa South Carolina

Robert Smalls alizaliwa mtumwa katika mji wa Beaufort, mwaka 1839, wala utumwani hakufundishwa kusoma. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wakati wa vita, yeye mshika usukani wa merikebu Planter alivaa kofia ya nahodha, akazipita ngome za Charleston akitoa ishara sawasawa, akawafikisha mkewe na watoto katika uhuru.

Mwaka 1868, katika mkutano wa katiba ya jimbo lake, alidai shule za bure kwa watoto wote. Kisha akawa mjumbe wa baraza la jimbo.

Mwaka 1895 ilitungwa katiba nyingine ya kuwanyima watu weusi kura. Smalls alikataa kuitia sahihi. Alifariki mwaka 1915. Kura zilinyang'anywa, shule, ingawa kwa mafungu yasiyo sawa, zilibaki.