Kibarua wa Ulingoni

Wengi wakimkumbuka Bruiser Brody hutaja nywele zake, ndevu, na ule mnyororo aliouzungusha akiingia ukumbini huku watazamaji wakikimbia viti. Mimi hutaja mkataba, maana hakupenda kufungwa nao. Jina lake lilikuwa Frank Goodish. Alicheza mpira wa Kimarekani katika chuo cha West Texas State, kisha miaka ya 1970 akaingia kwenye mieleka ya kulipwa, akaishi kama kibarua: leo Texas, kesho Kansas City, baadaye Japani, alikopendwa kuliko kwao.

Maisha hayo yalihitaji moyo. Tangu 1948 mapromota wa umoja wa mieleka wa NWA walikuwa wamegawana Marekani vipande vipande, na aliyemuudhi mmoja aliweza kufungiwa milango na wenzake. Hata hivyo Brody alithubutu kumwambia promota usoni: leo sishindwi. Mshindi wa mieleka hupangwa kabla ya kengele. Anayekubali kushindwa ovyo hushuka bei kwa promota anayefuata. Jina ndilo lililokuwa mtaji wake wote. Nampenda kwa ukaidi huo, na huniuma kuona ulimgharimu nini mwilini: paji lake la uso lilijaa makovu ya wembe aliojichanja nao, kwa kuwa damu ilijaza watu kumbini.

Tarehe 16 Julai 1988, katika uwanja wa Juan Ramón Loubriel, Bayamón, Puerto Rico, mwanamieleka mwenzake, ambaye pia alikuwa mpangaji wa mapambano, alimwita bafuni wazungumze. Humo Brody akachomwa kisu. Gari la wagonjwa lilichelewa. Mwanamieleka Tony Atlas, pande la mtu, alisaidia kumbeba. Brody alifariki siku iliyofuata, akiwa na miaka 42. Januari 1989 yule mwanamieleka aliyemwita bafuni, aliyeshtakiwa kwa kifo hicho, aliachiwa huru kwa hoja ya kujihami. Mwanamieleka Dutch Mantel, aliyekuwepo uwanjani, amesimulia kwamba barua ya kumwita kutoa ushahidi ilimfikia kesi ikiwa imekwisha.

Wanaotembea njia yake leo, wanaopigana katika kumbi za shule na maghala, hulipwa kwa usiku mmoja. Mafuta ya gari ni yao, goti likivunjika ni lao, na pambano likiisha husimama mezani kuuza fulana zao. Daktari na gari la wagonjwa vingepaswa kuwapo mlangoni kabla hata tiketi ya kwanza haijauzwa.