Chuma Kilichoanguka na Chuma Kilichoyeyushwa

Wilayani Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, anayetoka Mlowo kwenda Ndolezi hupita kwenye mashamba ya kahawa na mabonde yenye vijito, na akiulizwa njiani anakwenda wapi, jibu huwa moja: Kimondo. Donge hilo la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alilitangaza kwa wanasayansi. Baadaye pembeni yake pakachimbwa handaki ili umbo lote lionekane, na udongo wa chini ukaachwa ulibebe. Kwenye ncha moja bado kuna makovu ya msumeno, pale walipokata vipande vya kupima: chuma asilimia 90 hivi, nikeli karibu asilimia 9.

Sasa Kimondo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na wageni hulipa kiingilio. Si vibaya. Lakini kwa mpenda historia ya viwanda, hilo donge halikuwahi kumlimia mtu hata tuta moja. Majembe ya Unyiha, nchi ya Wanyiha inayokizunguka Kimondo, yalitoka kwenye matanuri ya Wanyiha wenyewe.

Mwaka 1965 Beverley Brock na P. W. G. Brock walichapisha maelezo ya kazi hiyo ya kuyeyusha chuma. Tanuri la hatua ya kwanza lilikuwa refu kuliko mtu, la udongo, lenye matundu chini. Mafundi walipanga makaa na mtapo kwa tabaka, wakawasha, kisha wakaacha hewa ijivute yenyewe kupitia mirija ya udongo. Hapakuwa na mivukuto hapo! Moto ulikula makaa mengi mno, ndiyo maana kazi ya kukata miti na kuchoma mkaa ilikuwa nzito kuliko ya tanuri lenyewe. Kilichopatikana kilikuwa donge chafu, bado limechanganyika na mavi ya chuma. Likapelekwa kwenye tanuri dogo, na huko ndiko mivukuto ilikopulizwa, mpaka chuma kikasafika kiasi cha kumfikia mhunzi. Jembe lililotoka hapo lilikuwa chombo cha kulimia, na pia mali ya kutolea mahari.

Biashara ndiyo iliyoyazima matanuri. Jembe la dukani lilikuja limekwisha kufuliwa, kwa bei ambayo fundi aliyechoma mkaa siku kadhaa hakuweza kushindana nayo. Wageni nao walikuwa wameanza kuja: wamisionari Wamoraviani walikuwa wamefungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, wakiongozwa na Traugott Bachmann. Walowezi wakaja na kahawa, na wenyeji wakaifanya zao lao. Leo viwanda vya Mbozi ni vya kumenya na kukoboa kahawa, na maji ya vijito ndiyo yanayoosha buni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mbozi, ilileta chuma kingine kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Kimondo kina uzio na mwongozaji. Tanuri la Mnyiha ni udongo, mvua hulimaliza. Kinachodumu ni mavi ya chuma, mazito na meusi, na mkulima akiyagonga kwa jembe huyatupa pembeni ya shamba akaendelea kupalilia.