Kiti Kilichopendwa Zaidi Kilipokuwa Kitupu

Aprili 1949 umati ulijazana Mengo, kilima cha ikulu ya ufalme wa Buganda, Uganda. Haukuja kumshangilia mfalme. Ulikuja na madai: machifu wachaguliwe na wananchi, wakulima waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na mawaziri wa Kabaka, yaani mfalme, waondoke. Fujo zilipozuka, nyumba za machifu zilichomwa moto. Kabaka Mutesa II alikuwa kijana wa miaka 24 aliyepitia Cambridge, na wengi walimwona kama mfalme wa Waingereza kuliko wa kwao.

Miaka minne baadaye watu haohao walikuwa wakimlilia. Kilichobadilika ni kwamba Mutesa alinyang'anywa kiti. Mwaka 1953 waziri wa makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alikuwa amedokeza kuwa nchi za Afrika Mashariki huenda zikaunganishwa kuwa shirikisho. Baganda waliona kivuli cha walowezi wa Kenya, na Mutesa akadai Buganda ipangiwe tarehe yake ya uhuru. Gavana Andrew Cohen, Mwingereza aliyesifika kwa kuwaelewa Waafrika, aliishiwa subira. Tarehe 30 Novemba alimpandisha Kabaka ndege kwenda London.

Dada kipenzi wa Mutesa alifariki baada ya kupata habari hizo. Wanaume waliapa kutonyoa ndevu mpaka mfalme arudi. Mkulima aliyekuwa na kinyongo na chifu wake, Mkatoliki aliyezoea kusukumwa kando na wakubwa wa Kiprotestanti wa Mengo, wote walijikuta upande mmoja. Kwa pigo moja Cohen alimpa Mutesa heshima ambayo kiti chenyewe kilikuwa kimeshindwa kumpa. Mutesa aliporejea tarehe 17 Oktoba 1955, hakuna mwanasiasa Uganda aliyeweza kushindana naye kwa mapenzi ya watu wake.

Mapenzi hayo yakageuzwa chama. Mengo, yaani serikali ya Kabaka, ilisusia uchaguzi wa 1961, na kura chache zilizopigwa Buganda zilikipa chama cha DP viti 20 kati ya 21. Benedicto Kiwanuka, mwanasheria Mkatoliki na Muganda wa kuzaliwa, akawa waziri kiongozi wa Uganda. Kwa Mengo hilo lilikuwa tusi: raia wa kawaida akae juu ya Kabaka? Mwaka huohuo kikazaliwa Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake, kwa alama ya kiti. Februari 1962 kilitwaa viti 65 kati ya 68 katika uchaguzi wa Lukiiko, bunge la Buganda. Kwangu mimi hapa ndipo kosa lilipofanyika. Kiwanuka alikuwa Muganda kama wao, lakini walimwangusha kwa kushikana mkono na Milton Obote, mtu wa kaskazini ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwapenda wafalme.

Oktoba 1963 Mutesa akawa rais wa Uganda, Obote akiwa waziri mkuu. Mutesa akawa mtu mmoja mwenye viapo viwili, cha Kabaka na cha rais. Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti ambazo Waingereza waliipa Buganda baada ya kuishinda Bunyoro, walipiga kura na kuchagua kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa atie saini. Kabaka angewezaje kutia saini ya kuimega Buganda? Mutesa alikataa, Obote akatia saini mwenyewe. Kwa Wanyoro, Kabaka aliyeaminiwa kupindukia Mengo alikuwa mmiliki wa ardhi yao tu. Imani ya watu kwa mfalme ina mpaka, na mpaka huo mara nyingi ndio wa ufalme wenyewe.

Februari 1966 Obote alisimamisha katiba. Mei, Lukiiko ikaiamuru serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, na tarehe 24 jeshi likaishambulia ikulu likiongozwa na Idi Amin. Mutesa aliruka ukuta, akatoroka kupitia Burundi hadi London, na huko akafariki Novemba 1969. Mwaka 1967 falme zote zilikuwa zimefutwa. Watanzania wengi wanamkumbuka Obote kama mgeni wa Mwalimu Nyerere. Mengo wana kumbukumbu tofauti kabisa.

Amin alipomwangusha Obote mwaka 1971, mojawapo ya mambo aliyofanya mapema ni kuurudisha mwili wa Mutesa na kumzika kwa heshima Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Mtu aliyeivunja ikulu kwa mizinga alijua imani ya watu ilikokuwa imefichwa.

Yoweri Museveni alijua pia. Vita vyake vya msituni vilipiganwa Luweero, ndani ya Buganda, na mwaka 1993 alirudisha ufalme. Ronald Muwenda Mutebi II, mwana wa Mutesa, alitawazwa tarehe 31 Julai. Katiba ya 1995 ikaja na sharti: kiongozi wa jadi asijihusishe na siasa za vyama. Wengi Mengo waliliona kuwa minyororo. Nadhani ndilo lililomwokoa Mutebi asiipitie njia ya baba yake.

Serikali ilipomzuia Mutebi kwenda Kayunga Septemba 2009, Kampala iliwaka, watu zaidi ya 20 wakauawa na redio ya ufalme, CBS, ikafungwa. Makaburi ya Kasubi yalipoteketea Machi 2010, wananchi walichangia kuyajenga upya. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka kaunti zote kukusanya michango iliyoitwa "ettoffaali", tofali, na watu walijipanga kumkabidhi pesa mkononi. Ningependa kumwona waziri wa fedha yeyote akipangiwa foleni ya namna hiyo.

Lakini Mengo nayo ni mwenye nyumba. Mwaka 2017 bodi yake ya ardhi ilipoanza kuwahimiza wenye vibanja, wakulima waliokaa kwenye ardhi ya ufalme bila hati, kuchukua hati za kukodi kwa miaka 49, wakulima walinung'unika, wakauliza kwa nini walipie ardhi waliyoachiwa na babu zao. Maswali hayo hawakuyapeleka kwa Museveni. Waliyapeleka Mengo.