Mchungaji Dkt. Anneth Munga na Chuo cha Magamba

Wamisionari wa Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891, ibada na darasa vilikwenda pamoja. Hata hivyo ilipita zaidi ya karne moja kabla milima ya Usambara haijapata chuo kikuu cha Kanisa. Kilianza Magamba, juu ya mji wa Lushoto, mwaka 2007, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, na kikapewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyekuwa Mkuu wa KKKT tangu mwaka 1976 hadi 1992. Aliyekabidhiwa uongozi wake ni Mchungaji Dkt. Anneth Munga.

Wanateolojia walikwisha kumfahamu. Mwaka 1998 ilichapishwa huko Lund, Uswidi, tasnifu yake ya udaktari iitwayo Uamsho, inayochunguza mahubiri ya vuguvugu la uamsho ndani ya KKKT. Mahubiri hayo wengi wetu tuliyasikia kwa machozi; yeye aliketi akayapima kitheolojia. Na ikumbukwe kwamba Kanisa letu liliamua kuwabarikia wanawake uchungaji mwaka 1990 tu.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini chuo kichanga, cha Dayosisi ya wakulima, kianze kwa kuandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, ilhali masomo mengine yangevuta wanafunzi na ada kwa wepesi zaidi. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kutoka Magamba ukiteremka hadi Lushoto mjini na kupanda upande wa pili, unafika Irente, ambako shule ya wasioona ilifunguliwa mwaka 1963. Huko Lutindi nako, makao ya watoto waliokombolewa utumwani, yaliyoanzishwa mwaka 1896, yaligeuka baadaye kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kwa hiyo chuo kilipoongeza masomo ya afya ya akili, kilikuwa kinaipeleka darasani kazi ambayo wauguzi na walimu wetu walikuwa wameifanya kwa miaka mingi. Vivyo hivyo somo la uhifadhi wa mazingira na utalii: msitu wa Magamba uko mlangoni.

Mwaka 2012 chuo kilipandishwa kuwa chuo kikuu kamili, SEKOMU, na Mama Mchungaji akawa Makamu Mkuu wake.